Kidole cha Mwalimu

Sifa na shukrani ni zake Mungu, aliyeamuru nuru iwepo kabla hajaumba jicho la kuiona, na ambaye hata leo haongojei macho yetu ili atufikie. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa magoti ambayo bado yanakunjika, na kwa watu aliowapitisha mbele yangu, waliokuwa wepesi kupendwa na waliokuwa wagumu. Huyu ninayetaka kumweleza alikuwa mgumu.

Sote tulimwita Mwalimu. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Nitamweleza kama nilivyomjua hapa Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako mimi, mjane wa mwinjilisti kutoka Singida, nimekuwa nikinunua nguo za watoto na kuzisafirisha nyumbani kwa miaka mingi. Yeye aliishi na mwanawe, mwenye ofisi ya mizigo katika jengo la Tianxiu. Mwalimu alikuwa kipofu. Huko nyumbani alifundisha Kiswahili katika shule ya wasioona mpaka akastaafu. Mke wake alipofariki, mwanawe akamleta China, akisema hakuna aliyebaki wa kukaa naye. Nilimsadiki. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba alikuwepo mtu. Mwishoni alirudishwa nyumbani akiwa mgonjwa, na huko akafariki.

Alikuja China na sanduku moja la nguo na mashine yake. Wageni waliojenga ile shule ndio walioileta zamani, enzi ambazo kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Ilikuwa na ukubwa wa redio ya kaseti. Upande mmoja ulitoka waya wenye kamera ndogo mwishoni, ndogo kama kiberiti, yenye vigurudumu. Upande wa pili kulikuwa na tundu la kuingiza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na ndani ya tundu hilo pini nyembamba zilizopangwa kwa safu, kama nywele za brashi. Mkono wa kulia ulipoivuta kamera juu ya mstari uliochapwa, palipokuwa na wino pini ziliamka zikatetemeka, palipokuwa peupe zikalala. Basi herufi ilipita chini ya kidole kwa umbo lake lile lile lililo kwenye karatasi: o kama pete, l kama kijiti, m kama vilima viwili vinavyofuatana.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asitosheke na nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, ambayo aliyajua tangu utoto.

"Kitabu cha nukta nundu," alisema, "lazima kwanza mtu mwenye macho aamue kwamba kinanifaa, ndipo akichape. Mimi nataka kusoma na yale ambayo hakuna aliyenichagulia. Gazeti lililofungiwa samaki. Karatasi ya dawa. Matusi ukutani, kama yamechapwa vizuri."

Ndivyo alivyokuwa. Hakupenda mtu asimame kati yake na herufi. Ukimpelekea barua ya benki ukaanza, "Mwalimu, wanasema hivi," alinyoosha mkono apewe karatasi, na wewe ukangoja. Chumba kizima kiliisikia mashine ikilia kwa sauti nyembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, mpaka amalize mwenyewe.

Jumapili tulikusanyika sebuleni kwa mmoja wetu, watu wa Singida, Mwanza, Mbeya, wanafunzi wa vyuo wachache, na Wakongo wawili waliotupenda kwa ajili ya nyimbo. Somo la Maandiko lilikuwa lake. Aliiweka mashine mapajani, Biblia juu ya meza ndogo, akasoma neno moja baada ya jingine, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi asizozijua. Wafanyabiashara hawana subira, na siku moja kijana wa Mwanza akasema, "Mwalimu, tuhurumie, kontena langu linafungwa saa sita."

"Neno la Mungu halifungwi saa sita. Keti."

"Nimeketi, Mwalimu. Kontena ndilo halijaketi."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini hakuongeza mwendo hata kidogo. Mimi nilimshukuru Mungu kwa mwendo ule. Nimesoma chuo cha Biblia, nimefundisha darasa la wanawake, lakini kuna mistari ambayo sikuwahi kuisikia mpaka nilipoisikia ikitoka kidoleni mwake, ikichelewa.

Mji huu aliupenda kwa sababu ya kisirani. "Nyumbani nilikuwa kipofu peke yangu," aliniambia nilipomkaribisha mara ya kwanza. "Hapa sote hatusomi. Mnatembea mkiangalia mabango kama mimi ninavyoangalia ukuta. Karibuni, Mama Mwinjilisti, karibuni gizani. Mtazoea."

Alisema kweli. Sisi tunaonunua kwenye masoko ya nguo ya Shahe tunajua maneno matatu manne ya kuuliza bei na kumwita bosi, laoban, na neno ambalo bosi hutujibu anapotaka tuondoke: meiyou, hakuna. Maandishi hatuyajui. Mwalimu alijaribu kuyasoma kwa mashine. Aliivuta kamera juu ya boksi la viatu, kisha akachomoa kidole na kukipulizia.

"Vipi, Mwalimu?"

"Pini zimesimama zote kwa pamoja. Ni kama kutia kidole kwenye siafu."

Siku nyingine nilikwenda naye Shahe, kwenye duka la fulana zenye maneno ya Kiingereza kifuani. Akaomba kuyasoma. Alitandaza fulana mezani, akapitisha kamera, na akaanza kucheka peke yake kwa sababu maneno yalikuwa yamechapwa ovyo, herufi zimepotea, nyingine zimejirudia. Mwenye duka, mama mnene mwenye kalamu nyweleni, alimtazama mzee asiyeona akichekea fulana, akaangalia ile mashine inayolia, kisha akaenda mbio ndani na kurudi na noti zake. Alidhani ni mashine ya kukagua noti bandia. Akampangia noti mezani na kumwonyesha kwa ishara azipime. Mwalimu akazipitia moja moja kwa uzito wote wa hakimu, akitikisa kichwa kukubali. Aliitilia shaka moja tu. Yule mama alishtuka mpaka nikaona haya.

"Ulihisi nini kwenye ile moja?" nilimuuliza tukiwa njiani.

"Hakuna. Lakini hakimu anayekubali kila kitu haaminiki."

Nimeanza na haya ili asije mtu akafikiri sikumpenda. Sasa niseme na mengine.

Alikuwa mkali kupita kiasi. Binti mmoja mwanafunzi wa udaktari, mtoto mpole wa Mbeya, alipewa asome somo siku Mwalimu alipokuwa na mafua. Alisoma vizuri na kwa haraka. Mwalimu alikuwa ameipitia sura ile kwa kidole usiku uliotangulia, akamsimamisha mbele ya watu wote.

"Binti, umeruka neno."

"Samahani, Mwalimu. Lilikuwa dogo tu."

"Ni si. Umeruka si. Umemfanya mtume aseme kinyume cha alichosema. Rudi mwanzo."

Akarudi mwanzo huku machozi yanamtiririka. Baada ya ibada nilimwambia Mwalimu kwamba amemuumiza mtoto wa watu. Akaniambia, "Atakuja kuwaandikia wagonjwa dawa. Afadhali alie leo." Huenda alikuwa na haki. Lakini binti yule hakukubali tena kusoma mbele yetu, na Mwalimu hakuwahi kumwomba radhi.

Jambo jingine ni sukari. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, vidonge vyake vilikaa kwenye kikombe juu ya friji, naye alitia vijiko vitatu katika kila chai. Nikimwambia, "Mwalimu, daktari amekukataza," alinijibu, "Daktari amesema nisile sukari. Hii nainywa." Mtu asiyesamehe neno moja lililorukwa alijirukia amri nzima ya daktari. Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki.

Kulikuwa pia na jambo la maombi. Sisi watu wa maombi tuna haraka ya kuwawekea wengine mikono. Mgeni mmoja alipotaka kumwombea apate kuona, Mwalimu alimshika mkono, akauondoa usoni pake taratibu, akasema, "Macho hayana umuhimu huo. Niombee magoti." Wote tulidhani ni unyenyekevu, au ni mzaha. Nami niliusifu moyo ule. Sikujua kwamba sentensi hiyo, macho hayana umuhimu huo, alikuwa ameitumia zamani mahali pengine, na ilikuwa imeharibu maisha ya mtu.

Watu waliomwonea huruma walimletea simu. Siku hizi simu yoyote inaweza kuipiga picha karatasi na kuisoma kwa sauti. Kijana wa Mwanza alimwekea programu hiyo, akaielekeza kwenye ukurasa, na sauti ya mwanamke ikasoma Kiswahili kama mtu aliyezibwa pua. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Ni simu, Mwalimu. Inasoma chochote."

"Amesoma vizuri. Shule gani?"

"Aa, Mwalimu, sasa unatutania."

"Sitanii. Amesoma vizuri, lakini ni yeye aliyesoma. Mimi nimekaa kama mtoto anayelishwa." Akamrudishia simu. "Mshukuruni sana. Mwambieni kwamba mimi ninajua kusoma."

Halafu ikaja Jumapili aliyokwama. Alisoma mstari, akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Tukasikia nyuki wa mashine akilia bila neno lolote kutoka. Mwishowe alisema wimbo uimbwe. Tulipokuwa tunakunja viti aliniita. "Herufi zinakatwa vichwa," alisema. "Naipata sehemu ya chini tu. Pini za juu zimekufa."

Akanieleza, na nikaelewa kwa nini alikuwa na hofu. Herufi h na herufi n hutofautiana kwa kijiti kimoja tu kinachopanda juu kushoto. Ukiikata h kichwa, inabaki n. Na katika Kiswahili, mara nyingi h mwanzoni mwa kitenzi ndiyo inayokataa, na n ndiyo inayosema mimi. Hakuja akikatwa kichwa anakuwa nakuja. Hakufa anakuwa nakufa. "Kwa Mwingereza ingekuwa hitilafu," Mwalimu alisema. "Kwa mtu wa lugha yetu ni msiba. Mashine imeanza kugeuza la kuwa ndiyo."

Nikampeleka kwa fundi wa simu, mwanamume wa makamo aliyekuwa na kibanda karibu na Tianxiu na aliyezoea wateja Waafrika. Mwanafunzi yule wa udaktari alikuja nasi kutafsiri, ingawa Mwalimu hakustahili wema huo. Fundi aliigeuza mashine, akaifungua, akaipuliza vumbi. Alipoulizwa kama pini mpya zinapatikana alisema neno tulilolijua bila tafsiri, meiyou. Kisha akaiwasha, akatia kidole chake mwenyewe katika tundu, akaisogeza kamera juu ya risiti. Akafanya hivyo mara kadhaa. Akasema jambo, na binti hakulitafsiri.

"Anasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Mama," binti akaniambia mimi, "hebu weka kidole."

Nikaweka. Kwenye risiti palikuwa na neno la Kiingereza lenye h. Nilikihisi kijiti chake chote, kutoka juu mpaka chini, kikitetemeka chini ya kidole changu cha mtu asiyejua kazi hiyo. Mashine ilikuwa nzima.

"Anasemaje?" Mwalimu alirudia.

Binti akapiga magoti mbele ya kiti, akachukua ule mkono wa kushoto, na kwa ncha ya kalamu akagusa kidole cha shahada sehemu ya chini. "Hapa unahisi?" Akasema anahisi. Akapanda juu, karibu na kucha. "Na hapa?"

"Hapa wapi?" Mwalimu akauliza. "Bado hujagusa."

Kalamu ilikuwa imemgusa muda mrefu. Binti alitutazama sisi wote, akasema kwa upole ambao hakufundishwa na yeyote pale, "Ni kisukari, Mwalimu. Kinaua hisia za ncha za vidole. Mashine haina tatizo." Akapima na vidole vingine. Vilikuwa vivyo hivyo, vingine vibaya zaidi.

Mwalimu alikunja vidole vyote vya mkono wa kushoto ndani ya mkono wa kulia, kama anayewaficha watoto. Tulipotoka alikataa kurudi nyumbani. Tukaketi kwenye mgahawa wa chai, binti akaenda darasani, na hapo ndipo aliponiambia habari ambayo mwanawe hakuitaja.

"Nina binti Morogoro," alisema. "Haoni."

Nikamwambia pole.

"Usinipe pole. Ngoja nimalize. Ugonjwa ulionipofusha mimi, ile presha ya macho, unarithiwa. Alikuwa bado mdogo alipoanza kusema anaona pete za rangi kuzunguka taa. Mganga wa macho alipita pale shuleni, akampima, akasema yapo matone, na upo upasuaji, ila awahishwe. Mama yake alifunga mizigo. Mimi nikamwambia afungue. Nikasema macho hayana umuhimu huo, mimi sina macho na nimepungukiwa nini? Nikamchukua mtoto, nikamtia kidole kwenye mashine. Kilikuwa kidogo, kilicheza ndani ya tundu." Akakipapasa kikombe chake. "Nilifurahi, Mama Mwinjilisti. Unanielewa? Nilifurahi kwamba nimepata wa kufanana naye."

Chai ilikuwa imepoa. Sikuweza kuigusa.

"Alisoma kwa mashine?"

"Kuliko mimi. Alisoma kama maji. Mpaka alipokuwa mkubwa na mama yake akamweleza habari ya yale matone. Alikuja akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu."

Mimi ni mtu wa kanisa, na neno hilo nimelisema kwenye matanga mengi. Sikupata kulisikia kama nilivyolisikia pale, likiwa limewekwa mbele ya mtu ili ajifiche nyuma yake. Mungu atusamehe jinsi tunavyomsingizia.

"Kuanzia siku ile hakuigusa mashine," alisema Mwalimu, "na mimi hakunigusa. Mama yake amezikwa tukiwa tumesimama pande mbili za kaburi. Sasa nimemtuma dada yangu. Nimempa maneno yote ya kumwambia, kwamba haikuwa Mungu, ilikuwa mimi. Na nimemwambia dada asinipigie simu. Aandike. Sauti ya mtu ina huruma, itaanza kunizungusha. Herufi haina huruma. Itakuja ilivyo."

"Na utaisomaje, Mwalimu, kwa kidole hiki?"

"Nilipomtuma nilikuwa sijajua ni kidole."

Sasa nieleze mara ya mwisho nilipoketi naye. Mguu wake ulikuwa umepata kidonda kisichopona, na mwanawe alikuwa ameshakata tiketi za kumrudisha nyumbani. Nilikwenda asubuhi, nimemchukulia uji wa ulezi. Mwanawe alinifungulia mlango akiwa anatoka kwenda ofisini. Alinisalimu bila kunitazama, akasema, "Jibu limekuja juzi kwenye simu yangu, mama. Amenikataza kulitamka. Nimelichapisha, nimempa," kisha akaenda zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Funga mlango. Weka uji chini."

Alikuwa amekaa mezani, mashine mbele yake, karatasi imewekwa kifudifudi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Dada yangu ameandika sentensi mbili," alisema. "Ya kwanza nimeipata. Amekaa naye na amemwambia yote. Ya pili ni maneno mawili tu. Kidole kinaniambia: anasema nakusamene."

"Nakusamehe," nikasema. "Mwalimu, Mungu asifiwe."

"Subiri kumsifu. Hakuna neno samene. Kwa hiyo hiyo n ya ndani ni h iliyokatwa kichwa, na wewe umeirudishia kichwa chake bila kufikiri. Je, n ya mwanzo?"

Nikaelewa.

"Lingekuwa neno jingine, lugha ingenisaidia," aliendelea, kwa sauti ile ile ya darasani, na hiyo ndiyo iliyonivunja. "Nakupenda, hakupendi. Mwisho unageuka, hata kipofu wa vidole anajua amependwa au la. Lakini samehe haligeuki. Nakusamehe. Hakusamehe. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa watu kanuni hiyo. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havibadiliki mwisho. Juzi, jana, usiku, nimekaa na herufi moja. Kila nikiipitia ni n. Na ninajua kwamba kwa kidole hiki, zote ni n."

"Nikusomee?"

"Usiangalie karatasi. Fumba macho, uweke kidole chako hapa. Kama ni lazima nisomewe, basi nisomewe na mashine yangu."

Nikafumba macho. Akaigeuza karatasi, akaipapasa pembe yake, akaiweka kamera mwanzo wa mstari kwa mkono wake wa kulia. Nyuki akaanza kulia. Sentensi ya kwanza ilipita chini ya kidole changu kama mchanga. Kisha akapunguza mwendo. "Sasa ya pili. Neno la kwanza ni anasema. Limepita. Sasa."

Kijiti kilipanda. Kilianza chini kabisa na kikaenda mpaka juu, kimenyooka, na ubavuni mwake kilima kidogo.

Niliomba, katika muda ule mfupi, nisiwe nimehisi nilichohisi. Nikamwambia arudie. Akarudia bila kuuliza. Kijiti kilikuwa pale pale.

"Ni h, Mwalimu."

Aliizima mashine. Kutoka mtaani tukasikia mtu akivuta tepu ya kufungia maboksi.

"Anasema hakusamehe," alisema Mwalimu polepole, akilisoma neno lote kwa mara ya kwanza. Kisha akaongeza, "Angalau ameniambia lilivyo."

Nikamwambia tuombe. Akakubali, lakini akaninyooshea kidole kile kile. "Usimwombee anisamehe. Na ukifika nyumbani, usimtumie mchungaji, wala akina mama wa kanisa, wala mstari. Mtu yeyote asimwambie kwamba dini inamlazimisha. Nilishamwekea Mungu mbele yake mara moja. Inatosha."

"Mwalimu, Maandiko yanasema—"

"Ninajua yanavyosema. Yananihusu mimi. Muombee afya."

Nikamuombea afya. Nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, jina lake, alilonitajia kule mgahawani, nikilitamka kwa mara ya kwanza, na Mwalimu alipolisikia aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza. Nilipomaliza hakuinuka upesi.

Kisha akasema, "Niandikie jibu. Mpelekee dada yangu, amsomee."

Nikatoa simu yangu. "Niandike nini?"

"Andika: nimesoma. Basi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kuongeza, ya faraja, ya matumaini. Sikuongeza. Niliandika neno lile moja. Nikiwa nataka kutuma, akainua mkono.

"Umeandika nini?"

"Nimesoma."

"Si kweli. Futa." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa vidole vyake visivyohisi. "Andika: nimesomewa."

Nikafuta. Nikaandika nimesomewa, nikatuma.

Nawe uliyefika hapa, iwe kwa macho yako, kwa kidole chako, au kwa sauti ya mtu aliyekubali kuketi kando yako, Mungu akupe ujasiri wa kulipokea neno lilivyo, akulindie walio wako wasiumizwe kwa jina lake, na siku utakaposhindwa kusoma mwenyewe, akuletee wa kukusomea kwa kweli. Amina.